Kabla Hujanunua Pampu, Pima Maji Yakiwa Yametulia

Maswali ya maji ya nyumbani hayaishi, na mengi yanaishia palepale. Kuna aliyejenga mnara, akapandisha tangi, na shawa bado inadondosha. Kuna aliyenunua mashine ya kufulia na inakataa kujaza maji. Kuna aliyeshauriwa aondoe tangi la lita 1,000 aweke la lita 5,000 ili presha ipande. Wote humalizia kwa kuuliza: ninunue pampu gani?

Usinunue kitu bado. Pima kwanza, na upime koki zote zikiwa zimefungwa. Maji yakitulia, presha mahali popote inategemea jambo moja tu: uso wa maji uko juu kiasi gani kutoka pale unapopimia. Unene wa bomba haumo, ukubwa wa tangi haumo, wala umbali kutoka tangini hadi jikoni. Kwa hiyo namba inayotakiwa kuonekana unaweza kuijua wewe mwenyewe kabla hujagusa kifaa chochote. Kifaa kikikupa namba nyingine, tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha ubovu ulipo.

Namba za kuandika ukutani

- Mita 1 ya maji kwenda juu = bar 0.098, yaani psi 1.4 hivi. Kwa kazi za nyumbani hesabu bar 0.1.
- Bar 1 = mita 10.2 za maji = kPa 100 = psi 14.5.
- MPa 0.1 = bar 1. Hii ndiyo inayoandikwa kwenye vifaa vingi vya nyumbani, na ndiyo inayowapoteza watu.
- kg/cm² 1 ni karibu sawa na bar 1. Usiumize kichwa.

Namba hizi ni za maji. Dizeli na mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mita moja yake hutoa presha ndogo kidogo.

Anza na futi

Unahitaji futi, ngazi imara na mtu wa kuishika.

1. Panda, fungua mfuniko wa tangi, uone maji yamefika wapi. Usipimie kwenye mfuniko, na usipimie kwenye tundu la kutokea chini. Pimia kwenye uso wa maji.
2. Tafuta kimo cha wima kutoka uso huo hadi mdomo wa shawa, koki, au tundu la kuingizia maji kwenye mashine. Bomba linaweza kuzunguka nyumba nzima, wewe hesabu kwenda chini tu.
3. Gawa kwa 10. Hizo ndizo bar zako.

Tuchukue mnara wa mita 3 wenye tangi la lita 5,000, ambalo likijaa maji yake husimama karibu mita 2. Hapo una mita 5 kutoka ardhini. Mashine ya kufulia iliyoandikwa MPa 0.05 inataka bar 0.5, ambazo ni mita 5. Mwenye nyumba anasema ametimiza. Hajatimiza, kwa sababu tundu la mashine liko kama mita 1 juu ya sakafu. Zimebaki mita 4, na hizo ni za asubuhi tangi likiwa limejaa. Jioni, tangi likikaribia kuisha, zimebaki 2. Tena namba ya kwenye mashine inatakiwa iwepo maji yakiwa yanaingia, na yakianza kutembea hupoteza nyingine njiani.

Kabla ya kulaumu mashine, pima hadi kwenye tundu lake, na ufanye hesabu ya tangi likiwa karibu tupu. Ukipima tangi limejaa unajidanganya.

"Lakini fundi kasema tangi kubwa lina nguvu zaidi"

Hapana. Pipa la lita 200 na tangi la lita 10,000, uso wa maji ukiwa sawa, vinatoa presha ileile kwenye koki ileile. Tangi kubwa hukupa siku nyingi za maji, halikupi nguvu. Kama ni refu, kweli litaongeza kidogo likiwa limejaa, na nyongeza hiyo itaondoka kadiri unavyotumia.

Bomba nene nalo haliongezi presha ya maji yaliyotulia. Linasaidia maji yanapotembea, na hilo tutalifikia.

Kinachoongeza ni kimo, na hapa kuna jambo la kupigia hesabu. Bafu la ghorofani lililo mita 1.5 chini ya uso wa maji lina bar 0.15. Ukiinua tangi mita 1 zaidi, unalipa bar 0.25, nyongeza ya theluthi mbili. Mita hiyohiyo kwa jiko la chini lenye mita 5 tayari haionekani sana. Kwa hiyo wa ghorofani ndiye mwenye sababu ya kurefusha mnara. Ila maji ya lita 5,000 yana uzito wa tani 5. Mnara hauongezwi vipande vya chuma kienyeji Jumapili mchana. Tafuta mtu anayejua kukokotoa uzito.

Mpira mwangavu, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote

Kwa nyumba za tangi la kawaida, mimi nauamini mpira huu kuliko geji za bei rahisi. Ni ule mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Chukua wenye tundu la milimita 8 hadi 10. Mwembamba zaidi hunasa mapovu.

1. Funga koki zote. Nenda chooni uhakikishe tangi la kusafishia halijazi taratibu, maana boya bovu linatosha kuharibu kipimo chote.
2. Chomeka mpira kwenye koki unayotaka kupima, ukaze kwa klipu ya chuma.
3. Fungua koki kidogo, uache maji yamwagike kwenye ndoo hadi mpira uwe hauna hewa. Utaona mapovu madogo yameganda kwenye kuta za mpira, hasa pale unapojikunja. Gonga kwa kidole hadi yapande na kutoka. Povu moja refu kwenye mkunjo linaweza kukuibia sentimita nyingi.
4. Inua ncha ya wazi juu, uifunge kwenye ngazi au ukutani. Fungua koki yote.
5. Maji yatapanda, yatacheza juu na chini, kisha yatasimama. Subiri yasimame kabisa. Weka alama kwa kalamu kwenye sehemu ya chini ya ule mbonyeo wa uso wake.
6. Pima kutoka mdomo wa koki hadi alama. Hiyo ndiyo presha yako kwa mita.

Utauliza: si yatasimama tu sawa na maji ya tangini? Ndiyo, na hapo ndipo faida ilipo. Kama bomba ni zima na liko wazi, alama itakuwa usawa mmoja na maji ya tangini. Ikiwa chini, kuna kitu kati.

Mfano: futi inasema uso wa tangi uko mita 4.2 juu ya koki, mpira unasimama mita 3.1. Mita 1.1 zimekwenda wapi? Angalia haya kwa utaratibu huu:

- Hewa iliyonaswa. Huyu ndiye mshitakiwa wa kwanza. Bomba lililopitishwa darini likapanda juu ya boriti na kushuka tena hutengeneza nundu, na hewa hukaa pale. Kila kipande cha hewa kinachokaa kwenye mteremko hula kimo chake. Tengeneza bomba liwe na mteremko mmoja usiokatika, au weka kijibomba cha kupumulia juu ya nundu.
- Valvu ya kuzuia maji kurudi. Ya springi hudai kiasi chake kabla ya kufunguka. Kwenye mfumo wa pampu haisikiki. Kwenye tangi la mita 3 inasikika.
- Valvu iliyofungwa kabisa. Hapo mpira hausimami mahali panapoeleweka. Ukiushusha maji yanatoka kidogo na kukoma.

Wengine hutoa hewa kwa kuunganisha mpira kutoka bomba la mtaani na kusukuma maji kurudi tangini. Inafanya kazi. Ila usiondoke hapo, na ukimaliza chomoa papohapo. Maji ya mtaani yakikatika ghafla, ya tangini yatarudi kwenye bomba wanalonywea majirani.

Jambo moja zaidi: usikubali mtu akuambie utumie zebaki ili mpira uwe mfupi. Ni sumu, na kwa kazi hii haina sababu.

Geji: ndogo inatosha, na kubwa inadanganya

Mpira ukihitaji kufika mita 8 au 10 juu, au maji yakiwa ya pampu au ya mtaani, huna budi kutumia geji. Kosa la kwanza hufanyika dukani, ambako muuzaji hutoa geji ya bar 0 hadi 10 kwa sababu ndiyo iliyo mkononi.

Tazama uso wa geji, chini kwa maandishi madogo. Utaona kitu kama "Cl. 2.5" au "1.6". Hiyo ni asilimia ya kosa linaloruhusiwa, na huhesabiwa kwa kipimo chote, si kwa pale mshale ulipo. Geji ya bar 10 yenye 2.5 inaruhusiwa kukosea bar 0.25. Hizo ni mita 2.5 za maji! Nyumba yenye tangi la mita 3 ukiipima kwa geji hiyo ni sawa na kukisia. Geji ya bar 1.6 yenye daraja la 1.6 hukosea kama sentimita 26 tu.

- Tangi la juu ya nyumba: geji ya bar 1 au 1.6.
- Nyumba ya pampu ndogo: bar 4 au 6.
- Maji ya mtaani, au nyumba iliyo chini ya mlima: bar 10.

Lenga mshale ukae maeneo ya katikati. Ukikaa mwanzoni kabisa, geji ni kubwa mno. Ukigonga mwisho, umeshaiharibu.

Ndani ya geji nyingi mna kijibomba bapa kilichopinda kama mundu. Presha ikiingia hujaribu kunyooka, na mwendo huo ndio unaosukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliusajili ubunifu huo mwaka 1849 na hadi leo haujapata wa kuung'oa. Ukikinyoosha kupita kiasi hakirudi, na geji itaonyesha presha hata ikiwa mkononi mwako.

*Wakati wa kuifunga na kuisoma:*

- Kabla ya kufunga, mshale uwe kwenye 0. Kama haupo, rudisha dukani.
- Kaza kwa spana kwenye shingo ya pembe nne. Anayekamata uso wa geji na kuuzungusha anavunja kiungo cha ndani.
- Funga utepe mweupe kwenye uzi, ila acha uzi wa mwanzo wazi. Kipande cha utepe kikiingia kwenye tundu dogo la geji, mshale utalala na utadhani hakuna maji.
- Fungua koki polepole. Maji yanayoingia kwa kishindo huua geji.
- Gonga kioo kidogo kwa ukucha, kisha soma ukiwa umesimama uso kwa uso nayo.
- Andika geji iko kimo gani. Geji iliyo mita 2 chini ya shawa itasoma bar 0.2 zaidi ya presha ya pale kwenye shawa. Hili linasahauliwa kila mara.
- Pima asubuhi. Bomba lililofungwa likipigwa jua, maji hutanuka na mshale hupanda bila sababu nyingine.

Wanaoishi nyanda za juu wana la ziada. Geji zenye mafuta ya gliserini ndani zimezibwa kwa kizibo cha mpira. Iliyozibwa usawa wa pwani ikipelekwa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa iliyofungiwa ndani ina nguvu kuliko ya nje, na mshale husoma pungufu kwa karibu bar 0.18. Fuata maelekezo ya kiwanda ya kukata au kufungua ncha ya kizibo ili ipumue. Wengi hawajui kile kijincha ni cha nini.

Huna uhakika na geji yako? Ijaribu kwa mpira. Simamisha mpira wa mita 5 uliojaa maji, geji ikiwa chini kabisa. Inatakiwa kusema bar 0.49.

Namba ni nzuri, shawa bado mbovu

Sasa umepima maji yaliyotulia, namba imelingana na futi na inaitosha shawa. Hapo kimo hakina kosa, na ukijenga mnara mrefu zaidi utakuwa umetupa pesa. Acha geji palepale, fungua koki nyingine ya karibu, utazame mshale.

Ukishuka kidogo, bomba ni zima na kosa liko kwenye shawa yenyewe: fungua kichwa chake, toa mchanga na chokaa. Ukianguka hadi karibu na 0, njia imebanwa. Kagua kwanza chujio, kisha geti valvu. Hizi za bei ya chini zina ugonjwa wa ulimi kukatika na kubaki umeziba nusu, huku mpini ukizunguka vizuri tu kama vile umefunguka. Mwisho kabisa ndipo ufikirie kuwa bomba ni jembamba kwa urefu ule, na huko ndiko bomba nene linakostahili kulipiwa.

Presha ikizidi nayo ni tatizo

Wa Mwanza, wenye nyumba chini ya vilima vya mawe, hawaandiki kuhusu maji kudondosha. Wanaandika kuhusu viungo vinavyofyatuka usiku. Tangi la mtaa likiwa mita 60 juu yako, koki zako zimebeba karibu bar 6 maji yakiwa yametulia. Usiku, watu wakilala na matumizi yakipungua, presha hupanda hadi karibu na namba hiyo kamili. Mchana utapima 3 na kujiona salama.

- Acha geji usiku mzima, usome kabla ya alfajiri.
- Ikipita bar 5, weka valvu ya kupunguza presha penye kuingilia nyumba.
- Soma bomba lako. PN 10 maana yake linahimili bar 10 kwa maji ya baridi. Maji ya moto hupunguza uwezo huo sana.
- Hita ya tangi lazima iwe na valvu ya usalama inayofanya kazi. Ikidondosha maji wakati wa kuchemsha, usiizibe. Inafanya kazi yake.

Ukitaka kujaribu bomba jipya kama linavuja, jaza maji, pandisha presha kwa pampu ya mkono, funga, utazame mshale kwa saa kadhaa. Usijaribu kwa hewa ya kompresa hata kama fundi ana haraka. Maji yakipasua bomba yanamwagika. Hewa iliyobanwa ikipasua, vipande huruka vikajeruhi.

Kisima kirefu: pima kwa pampu ya baiskeli

Wenye visima virefu huuliza maji yako wapi bila kutoa pampu. Ukiwa unateremsha pampu, teremsha pamoja nayo kijimpira cha milimita 6 au 8 ambacho urefu wake umeupima na kuuandika. Juu kifunge tii: upande mmoja geji, mwingine valvu ya tyubu.

Pampu ya kisima ikiwa imepumzika muda wa kutosha, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Mshale utapanda, kisha utafika mahali haupandi tena hata ukipiga. Hewa imeshasukuma maji yote nje ya kijimpira na inatokea chini. Soma hapo. Kijimpira cha mita 40 na geji bar 1.5: mita 15.3 zimo majini, kwa hiyo maji yako mita 24.7 chini ya kichwa cha kisima. Mshale ukirudi nyuma taratibu baada ya kuacha, kiungo kinavuja na kipimo hakifai.

Washa pampu, pima tena baada ya saa moja. Utaona maji yameshuka kiasi gani. Rudia kila kiangazi na uandike.

Ukiamua kununua pampu

Nenda dukani na namba hizi, si na maelezo ya "maji hayana nguvu":

- kimo kutoka uso wa maji hadi shawa ya juu kabisa;
- presha maji yakiwa yametulia, na koki moja ikiwa wazi;
- lita zinazojaa kwenye ndoo kwa dakika moja;
- kimo cha kuvuta, kama pampu itakaa juu ya kisima.

Hilo la mwisho liangalie sana. Pampu iliyo juu haivuti, inasukumiwa maji na hewa ya nje. Dar es Salaam hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10.3 kwa nadharia, na kwa kazi halisi hesabu 7. Mbeya nadharia yenyewe inashuka hadi mita 8.5 hivi, kwa hiyo usivuke 5 au 6. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, hakuna ukubwa wa mota utakaosaidia. Chukua pampu ya kuzamisha.

Na usiiunganishe moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Vuta kutoka kwenye tangi lako. Pampu inayonyonya bomba la umma hushusha presha ndani yake, na penye ufa chini ya ardhi maji machafu ya nje huingia, yakawafikia wewe na jirani zako.